Nyumba Namba Saba ya Tuta la Hesselwaard

Hesselwaard, 4 Septemba 1994

Kaka Teunis,

Salamu zangu zikukute wewe na wifi Nel mna afya, na zikikukuta umenuna basi zikutekenye. Huku sote wazima. Binti yangu Wilma ana mimba ya tatu na anaapa kwamba ni ya mwisho, kama alivyoapa ya pili. Mipeasi ya mama imezaa mpaka nimeegemeza matawi kwa miti.

Simu yako ya Jumapili ilinifurahisha. Kama kawaida yetu tumezungumza mvua na jua kwa dakika saba, kisha ukakata kwa kuwa dakika zinalipiwa. Kwa hiyo la maana nakuandikia. Stempu ni ile ile hata nikiropoka kurasa nne.

Unakumbuka kwamba mwaka jana wanaume wa Bodi ya Maji walipatwa na wazimu wakamchagua mwanamke kuwa mjumbe, na mwanamke mwenyewe ni mimi. Basi sasa tuna kazi. Wataalamu wamepima tuta letu la kuzuia maji ya mto na kusema ni fupi na jembamba. Linatakiwa liinuliwe sentimita sabini na linenepeshwe kwa upande wa ndani, yaani upande wa nyumba. Nyumba tisa zimekaa pale pale unene utakapopita. Ya kwetu ni namba saba.

Njia ni mbili. Ya kwanza, nyumba ivunjwe, pajazwe udongo wa mfinyanzi, mwenyewe alipwe na kujengewa nyingine nyuma kidogo. Ya pili, zipigiliwe kuta za chuma ardhini, tuta libaki jembamba na nyumba ibaki ilipo. Chuma kinagharimu zaidi ya mara mbili. Serikali inatoa sehemu kubwa ya fedha, lakini inatoa fungu moja tu. Kinachobaki kinatoka kwenye tozo ya tuta ambayo kila kaya inalipa na kila kaya inalalamikia. Tukitumia chuma kwa nyumba zote tisa, fungu litaisha kabla hatujafika kona ya chini, penye shule na nyumba ya wazee. Wale watasubiri miaka kumi.

Bodi imeamua kwamba kila mwenye nyumba afuatwe kwenye meza ya jikoni kwake. Mjumbe wa eneo aende, anywe kahawa, ale biskuti, asikilize. Mjumbe wa eneo hili ni mimi. Nyumba namba saba nusu yangu na nusu yako, kama mama alivyoandika kwenye wosia. Kwa hiyo nalazimika kuja mezani kwako, nayo meza yako iko Kanada.

Jimiminie kahawa. Chukua biskuti moja (moja, nakujua). Haya, Bwana Teunis Verwoert, unakubali nyumba ivunjwe au unataka chuma? Fomu nimeiambatanisha. Kuna mahali pa maoni, mahali pa kutaja kasoro za jengo, na mahali pa saini. Usiipake grisi ya trekta.

Mjumbe wako na mdogo wako,
Aaltje

*

Ontario, 27 Septemba 1994

Mheshimiwa Mjumbe, uliyefundishwa baiskeli na mimi ukaniingiza mferejini,

Tumepata salamu zako na zimetutekenya vya kutosha. Nel anaumwa goti, hasa siku za kupanda ngazi kuniletea kahawa. Mahindi yamekauka vizuri. Mjukuu wetu mkubwa amevunja jino akicheza kwenye uwanja wa barafu wa ndani na sasa anatabasamu mchana kutwa ili watu walione pengo.

Nimekaa mezani kama ulivyoamuru. Nimekula biskuti mbili, na hukuwepo kuniona. Nel akauliza, "Unaongea na nani peke yako?" Nikamwambia, "Na serikali." Akasema, "Basi iambie serikali ivue viatu."

Jibu langu ni chuma. Sitaki nyumba ya mama iguswe. Vigae vya jikoni, dirisha la kuangalia mashua, vyote hivyo. Nyie mlioko kwenye Bodi mna vichwa, tafuteni fedha za kona ya chini mahali pengine.

Halafu swali dogo tu, la udadisi. Wakivunja nyumba, wanachimba mpaka chini ya stoo ya viazi, au wanaangusha kuta na kumwaga udongo juu? Nauliza tu.

Fomu nabaki nayo kwanza.

Kaka yako,
Teunis

*

Hesselwaard, 30 Oktoba 1994

Kaka mdadisi,

Pole kwa goti la Nel na hongera kwa pengo la mjukuu. Wilma tumbo limeshamtangulia mlangoni. Mimi nina mafua niliyoyapata kwenye ukaguzi wa vuli, maana tulitembea tuta zima kwa miguu, wajumbe wote na makoti ya heshima na fimbo, tukitafuta mashimo ya fuko na alama za kwato za ng'ombe wa watu. Mwenyekiti aliteleza kwenye mavi ya kondoo mbele ya wapiga kura. Tulijizuia kucheka hadi kwenye supu ya njegere, na huko hatukuweza tena.

Nimeshamaliza meza zote tisa. Kwa mzee Hent Kooiman, namba nne, nilikaa saa tatu. Alinieleza habari za ng'ombe wake wote waliokufa tangu vita, na nilipotaja stoo yake akainuka kwenda kukagua kuku. Kwa namba saba, kwangu mwenyewe, nilifuata utaratibu pia. Nilitenga vikombe viwili. Mjumbe akamuuliza mwenye nyumba kama ana malalamiko, mwenye nyumba akasema biskuti zimelegea. Yameandikwa kwenye taarifa.

Swali lako nimelipeleka kwa Injinia Bas, kijana mmoja mrefu anayeinama hata pasipo na mlango. Anasema watachimba kila kitu, stoo na chini yake, mpaka wakute udongo mzuri. Hawajazi juu ya kitu wasichokijua.

Kikaoni ilipofikia zamu ya namba saba nilitakiwa kutoka nje, maana nina maslahi. Nikasimama ukumbini kati ya makoti. Kuta za Bodi ni nyembamba kuliko tuta letu, na nilimsikia mmoja akisema, "Ile ni nyumba ya Govert. Mlinzi wa tuta miaka thelathini na moja! Mtu aliyempiga mwanawe kofi kwa kuchomeka kijiti kwenye tuta mwezi wa Novemba, msimu ambao ni marufuku kulichimba!" Wakacheka kwa heshima. Umekuwa mtu maarufu, kaka, wewe na kijiti chako. Uamuzi umesogezwa hadi katikati ya Februari.

Tangu lini wewe ukawa mdadisi? Hata shuleni mwalimu alikuwa anakuomba uulize swali.

Aaltje

*

Ontario, 22 Novemba 1994

Aaltje,

Sisi wazima. Theluji imeanza. Nel anakusalimu.

Nimefikiri sana. Waambie Bodi kwamba chuma cha namba saba nitakilipia mimi. Kwa fedha zangu, si za tozo wala za serikali. Injinia wako apige hesabu. Kama ni gilda elfu hamsini, sawa. Kama ni sabini, nitauza shamba dogo la nyuma. Nel hajui bado, kwa hiyo ukipiga simu zungumzia mvua.

Sharti langu moja. Wasichimbe.

Teunis

*

Hesselwaard, 1 Desemba 1994

Kaka,

Barua yako niliisoma nimesimama, kisha nikakaa. Nikaisoma tena, nikaenda kupima homa. Wewe? Wewe uliyenitumia zawadi ya harusi kwa meli ya mizigo ikafika mtoto ameshaota meno?

Wilma amejifungua wa kiume, kilo nne, mweusi wa nywele, mkali kama mama. Wanamwita Govert. Sikuwaomba.

Kwa kuwa sikukuu ya Mtakatifu Nikolao ni Jumatatu, nakutumia herufi yako ya chokoleti, T kama kila mwaka, pamoja na shairi. Sheria unaijua. Unalisoma kwa sauti mbele ya mkeo, na aliyesemwa haruhusiwi kukasirika. Linachechemea kidogo lakini linafika.

Nikolao kauliza, huyu Teunis ana nini?
Mtu wa kuhesabu njegere za sahanini,
Leo atoa maelfu ya gilda mfukoni!
Hebu tuambie, kaka, kuna nini kule stooni?

Wako wa mashairi,
Aaltje

*

Hesselwaard, 15 Januari 1995

Kaka Teunis,

Mwaka mpya mwema kwako, kwa Nel na kwa pengo. Mtoto Govert ananenepa. Sijapata barua yako wiki sita sasa. Umepiga simu mara mbili, na mara zote mbili nimejua nyuzi joto za Ontario kuliko za jikoni kwangu. Nel ameniambia chokoleti ilifika. Shairi hakulitaja, kwa hiyo najua hukulisoma kwa sauti. Umevunja sheria.

Mvua hapa haikati, na theluji ya milimani kwa Wajerumani inayeyuka. Malisho ya chini yote yamekuwa maji. Kutoka dirishani naona mirundo ya nyasi ikielea na sungura juu yake.

Niandikie. Hata matusi.

Aaltje

*

Ontario, 1 Februari 1995

Mdogo wangu Aaltje,

Naituma hii kwa Wilma kwa sababu sijui kama nyumbani kwetu bado kuna mlango wa kutilia barua. Jana televisheni ya huku ilionyesha barabara ya Hesselwaard, matrekta yamepakia ng'ombe, watu wamepakia bibi zao, wote wanahama. Walisema watu robo milioni. Nilimwona Hent Kooiman na tenga la kuku mapajani. Wewe sikukuona. Nimepiga simu mara ishirini na mbili na inalia tu. Sijali dakika.

Unisikilize. Nitaandika bila kusimama, maana nikisimama nitaichana.

Mwezi wa Novemba 1944 Wajerumani walikuwa wanakusanya wanaume wa kupeleka kwao kwenye kazi za kulazimishwa. Mimi nilikuwa na miaka kumi na saba na mwili wa ishirini. Baba alinishusha stooni, akaondoa rafu ya mitungi ya kachumbari, akabandua matofali, akaanza kuchimba. Ndani ya tuta, Aaltje. Upande wa mto. Mlinzi wa tuta, katika msimu ambao hata mtoto haruhusiwi kulisogelea tuta na koleo mkononi. Alichimba siku nne. Alikuwa analia huku anachimba, na mimi sikuwahi kumwona baba akilia. Mita mbili kwenda ndani, kwa upana wa mtu aliyejikunja. Niliingia humo mara kumi na nne.

Vita vilipokwisha tulijaza kwa kile tulichokuwa nacho, vifusi, mbao, majani makavu. Udongo mzuri haukuwepo, na angeuomba kwa nani bila kusema ni wa nini? Akapanga matofali upya. Akaniambia nisimwambie mtu yeyote, mama wala wewe. Nikaapa. Mwaka 1951 nikapanda meli, nikakuacha unalala juu ya shimo langu.

Kila baridi nanunua gazeti la huko kwa bei ya wizi ili nisome kimo cha mto. Nel anafikiri nakumbuka nyumbani. Nilitaka chuma ili tuta lipate uti wa mgongo pale na mtu yeyote asione alichokifanya baba. Nilidhani naweza kununua vyote viwili. Sasa nakuona kichwani umesimama pale, maji yamepita kimo cha kichwa chako.

Toka hapo. Mwambie Mwenyekiti. Mwambie ni mimi niliyechimba, nilikuwa mtoto mjinga. Baba mwache apumzike.

Nisamehe. Nakupenda, jambo ambalo katika familia yetu halijawahi kusemwa hata kwenye shairi la Nikolao.

Teunis

*

Hesselwaard, 12 Februari 1995

Kaka yangu Teunis,

Nipo. Nyumba ipo. Tuta lipo. Simu uliipata juzi, najua, lakini ulilia kwa dakika sita bila kutaja mvua hata mara moja, na mimi pia, kwa hiyo hapa ndipo tunazungumza. Wilma na watoto walihamia kwa mkwe wake juu milimani, kama unaweza kuita milima. Paka alikataa kuhama, amerudi kutoka kwenye paa la banda akiwa mnene. Sikumuuliza alikula nini.

Wajumbe tuliruhusiwa kubaki na walinzi wa tuta. Alhamisi mchana Injinia Bas alikuwa anagawa viroba vya mchanga, vichache kuliko mahali pa kuviweka. Alitaka kuanzia namba moja na kushuka kwa mpangilio. Nikamshika mkono. Nikasema, "Anzia namba saba. Stooni, nyuma ya mitungi. Tuta lina shimo."

Akasema, "Mama Aaltje, umejuaje?"

Nikasema, "Nilibeba udongo wake."

Ndiyo, kaka. Ulidhani udongo wa mita mbili ulitoka stooni kwa miguu yake? Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Kila alfajiri mimi na mama tuliutoa kwenye kigari changu cha mwanasesere, mwanasesere amelala juu, tukaumwaga chini ya mipeasi. Askari mmoja aliwahi kunisimamisha, akamtekenya mwanasesere kidevu, akanipa njia. Baba aliniapisha nisimwambie mtu yeyote, hasa wewe, ili usijue kwamba mtoto amehatarishwa kwa ajili yako. Nikaapa. Kumbe yule mzee alituapisha kila mtu na chumba chake, halafu akaenda kupigiwa saluti miaka thelathini na moja.

Niliposoma "nauliza tu" yako ya Septemba nilijua unakumbuka. Nilitaka wewe uanze. Shairi lile ndilo lililokuwa kelele yangu kubwa kuliko zote, na wewe ukalifungia kwenye droo. Lakini mimi nimekosa kuliko wewe. Wewe ulikuwa mbali. Mimi nilikaa kwenye Bodi na siri ile, nikanywa kahawa kwa watu wanaolala nyuma ya tuta lile, na sikusema mpaka maji yaliponivuta ulimi. Najionea aibu, na nimeiambia Bodi hivyo hivyo.

Tulikuta maji yanachuruzika kati ya matofali, yakileta mchanga. Bas alipouona mchanga alibadilika rangi. Maji matupu unayaacha yapite, lakini mchanga ni tuta lenyewe linaondoka. Wanaume kumi na moja walipanga viroba kuzunguka, mia tatu na kitu, mpaka maji yakasimama ndani ya duara na kuwa meupe, bila mchanga. Nilikaa pale kwenye ndoo iliyopinduliwa, nikiyatazama, siku mbili. Yalibaki meupe.

Sasa sikiliza kichekesho. Watu waliporudi, habari ilikuwa imeshaenea kwamba Govert mlinzi wa tuta alichimba tuta. Nikajiandaa kutemewa mate. Jumanne akaja Hent Kooiman, amevaa suti ya mazishi. Akakaa mezani, akakataa biskuti, nikajua ni mazito. Akasema, "Aaltje, zile hadithi za ng'ombe... kwenye shimo la kwangu alikaa kaka yangu na redio." Jumatano akaja mwenye namba mbili, kwake ilikuwa nguruwe. Namba tisa, Wayahudi wawili, mume na mke, hadi mwisho wa vita, wazima. Nyumba sita kati ya tisa, Teunis! Kila mmoja alijua la kwake, na kila mmoja alimwogopa baba! Bas ameweka kichwa mezani pangu akasema ramani zake zote ni hadithi za kubuni na amefurahi hajazijengea.

Bodi imekutana. Safari hii sikutoka nje, nilisema maslahi yangu yote hadharani, na Mwenyekiti akasema nikae. Hakuna chuma. Nyumba zote tisa zitavunjwa, mashimo yachimbuliwe mpaka mwisho wake, pajazwe udongo safi, na fungu linatosha hadi kona ya chini, shule na wazee wote. Serikali imeona maji kwenye televisheni kama wewe, na imegundua kwamba fedha zinaweza kutembea haraka. Nyumba mpya itakuwa mita arobaini nyuma. Nilipiga kura ya ndiyo, kisha nikarudi nyumbani nikakaa kwenye ngazi za mama nikalia. Sitakudanganya kwamba haiumi.

Kinachobaki ni saini yako. Wewe ndiye wa mwisho kati ya wote tisa, na watu wanaanza kusema Wakanada ni wazito. Mashine zinaingia msimu wa kuchimba ukifunguliwa mwezi wa Aprili. Sitakusukuma. Baba ni wako kama alivyo wangu.

Na lile neno la mwisho la barua yako, na mimi pia. Usilizoee.

Aaltje

*

Ontario, 26 Februari 1995

Aaltje,

Nel anakusalimu. Nimemsomea shairi kwa sauti, pamoja na barua zote, nimechelewa wiki kumi na mbili. Alicheka kwenye njegere, halafu hakucheka tena. Goti limepona ghafla tangu nilipokata tiketi mbili za Aprili.

Fomu hii hapa. Saini iko chini. Grisi kidogo, niwie radhi. Kwenye maoni sina la kusema. Kwenye kasoro za jengo nimejaza hivi, na naomba isomwe kwa sauti kikaoni:

"Shimo ukutani mwa stoo, upande wa mto, urefu mita mbili. Lilichimbwa na Govert Verwoert, mlinzi wa tuta, Novemba 1944. Udongo ulibebwa na mkewe na binti yake. Nililitumia mara kumi na nne. Nipo hai."

Teunis